Chanda Chema Kilichocheleweshwa Pete

Waswahili tuna neno letu la hekima kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini neno hilo halitaji pete huja lini, wala ni nani mwenye kuishika, wala yafaa nini ikija wakati chanda kimekwisha kukunjamana kwa uzee. Leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu maisha ya bwana mmoja wa Marekani, mtu mweusi, marehemu Leroy Satchel Paige, aliyefariki mwaka wa 1982. Bwana huyu alikuwa mrushaji wa mpira katika mchezo wa besiboli, na wengi waliomwona walishuhudia kwamba hawakupata kuona mfano wake. Hata hivyo, ilipofika saa ya kumtunza, wakubwa wa mchezo walikaa wakajadiliana kama anastahili kupita mlango mmoja na wenzake. Je, alistahili au hakustahili? Hilo ndilo swali nililolishika leo, kwani kwa maoni yangu si swali la mpira peke yake.

Yamkini msomaji atauliza besiboli ni mchezo gani. Basi na aukumbuke mchezo wa kriketi, kwani michezo hii miwili ni jamaa. Mrushaji husimama umbali wa futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo. Kazi yake ni kuurusha mpira hewani, bila ya kudunda chini, upite mahali ambapo mpigaji aweza kuufikia lakini asiweze kuupiga. Mpigaji akishindwa mara tatu, ametoka. Wachezaji ni tisa kila upande, lakini mrushaji ndiye nahodha wa jahazi. Akiwa hodari, wenzake hupumua, na akiwa dhaifu, chombo huenda mrama.

Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, liko Jumba la Mashuhuri la mchezo huo, lililofunguliwa mwaka wa 1939. Humo hutundikwa vibao vya shaba vyenye sura na sifa za mabingwa waliochaguliwa. Kwa Wamarekani hakuna heshima ya besiboli ipitayo hiyo. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba mchezaji awe amecheza misimu isiyopungua 10 katika ligi kuu. Sharti hilo ukilisoma peke yake huoni ubaya wake. Ubaya wauona unapokumbuka kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka mwaka wa 1947 ligi kuu hizo hazikumkubali mtu mweusi hata mmoja. Waliofunga mlango ndio waliouliza baadaye mbona fulani hakuingia.

Paige alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 katika mji wa Mobile, bandari ya jimbo la Alabama kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mtunza bustani, na mamake, Bi. Lula, alikuwa akifua nguo za watu kwa ujira. Nyumba ilijaa watoto na chakula kilikuwa haba. Leroy alipokuwa mdogo alikwenda stesheni ya gari la moshi kuwabebea abiria mizigo. Aliona senti za mkoba mmoja mmoja hazimfikishi popote, akatafuta ufito na kamba, akawa anatungika mikoba mitatu au minne kwa safari moja. Wenzake wakamtania kwa jina la Satchel, yaani Mkoba, na jina hilo likamganda mpaka kaburini. Rafiki yake wa utotoni alikuja kusimulia vingine, kwamba jina alilipata siku aliyonaswa akikimbia na mkoba usio wake. Maisha ya bwana huyu yamejaa visa vyenye riwaya mbili mbili namna hii.

Mwaka wa 1918, akiwa na umri wa miaka 12, alishikwa kwa kuiba vijipete vya kuchezea dukani, na kwa kuwa alikuwa pia na sifa ya kutoroka shule, akapelekwa katika shule ya kuwarudi watoto weusi huko Mount Meigs. Alikaa huko zaidi ya miaka 5. Ni muda mrefu mno kwa kosa la mtoto, lakini humo ndimo alimopata ustadi wake. Mwalimu mmoja, Edward Byrd, alimfundisha kuinua mguu juu sana kabla ya kurusha, kuuchelewesha mkono mpaka nukta ya mwisho, na kumsoma mpigaji kwa kuyatazama magoti yake kama mtu amtazamavyo ng'ombe wa kupigana. Alitoka mwisho wa mwaka wa 1923, kijana mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu na miguu kama ya korongo.

Kuanzia hapo ni safari tupu. Alianza kucheza nyumbani kwao Mobile, mwaka wa 1926 akachukuliwa na timu ya Chattanooga, mwaka uliofuata akaenda Birmingham, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaingia katika timu ya Pittsburgh Crawfords ya tajiri Gus Greenlee. Hizi zote zilikuwa timu za watu weusi, ambao baada ya kufungiwa milango walijijengea nyumba yao wenyewe. Ligi yao ya kwanza ya kudumu iliundwa na Rube Foster mwaka wa 1920. Paige alikuwa na mpira wa kasi ambao wapigaji walisema waliusikia kuliko walivyouona. Alikuwa pia na ulengaji wa ajabu. Baadaye alibuni mrusho wa kusita, ambao mguu hutua chini kwanza, mkono ukabaki nyuma kidogo, na mpigaji akalipiga gongo lake kabla ya mpira kufika.

Mshahara wa ligi haukumtosha, wala ligi zenyewe hazikuwa na mechi nyingi. Kwa hiyo alizunguka nchi nzima akicheza kwa kukodiwa, leo mji huu kesho mji ule, wakati mwingine kila siku ya wiki. Alicheza na timu ya Bismarck katika North Dakota, ambayo ilichanganya Wazungu na weusi mwaka wa 1935, miaka 12 kabla ya ligi kuu kuthubutu jambo hilo. Palikuwa na miji mingi ambamo watu elfu kadhaa walilipa kumtazama mchana, na usiku hapakuwa na hoteli ya kumlaza wala mkahawa wa kumuuzia chakula.

Sitaki msomaji adhani namsimulia malaika. Paige alikuwa mtu wa kuvunja mikataba. Akiitwa penye fedha zaidi, huenda, na aliyemwacha nyuma hana la kufanya. Mwaka wa 1937 aliwaacha Crawfords akaenda Jamhuri ya Dominika kucheza katika timu ya mtawala wa mabavu Rafael Trujillo, na akawavuta wenzake kadhaa wakubwa, akiwemo mpigaji hodari Josh Gibson. Walitwaa ubingwa huko, lakini Crawfords ilivunjika mbavu na haikuinuka tena. Alichelewa mechini, aliendesha gari kama mwendawazimu, na alipenda kuongeza chumvi katika habari zake. Hata umri wake aliufanya fumbo. Alipoulizwa alidai kwamba mbuzi aliila Biblia iliyoandikwa tarehe ya kuzaliwa kwake. Ilibidi watu waende Mobile kutafuta cheti chake katika madaftari ya serikali.

Mwaka wa 1938, akiwa Meksiko, mkono wake ulikufa. Aliamka na maumivu, na kila alipojaribu kurusha mpira ukaanguka hatua chache mbele yake. Madaktari walimwambia amekwisha. Matajiri wote waliokuwa wakimgombea walimpa kisogo, isipokuwa Mzungu mmoja, J. L. Wilkinson, mwenye timu ya watu weusi ya Kansas City Monarchs. Huyu alimpa mahali katika kikosi chake cha pili, kilichozunguka vijijini, ili watu walipe angalau kulitazama jina. Kisha siku moja katika mwaka wa 1939 maumivu yakaondoka kama yalivyokuja. Kasi yake ilikuwa imepungua, lakini alikuwa amejifunza hila za mpira wa polepole, na tangu hapo akawa mrushaji wa akili kuliko wa nguvu. Mwaka wa 1942 aliiongoza Monarchs kuishinda Homestead Grays mara nne bila kushindwa katika fainali ya ligi za weusi. Katika fainali hiyo alimtoa Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, wakati vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wa upinzani.

Sasa na tuingie katika swali letu. Wale waliokuwa na shaka walikuwa na hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba ushindi wa Paige ulipatikana dhidi ya watu weusi wenzake na timu za vijijini, na hakuna ajuaye wangefanyaje mbele ya mabingwa wa ligi kuu. Hoja ya pili ni kwamba hesabu zake hazikuandikwa. Mwenyewe alidai kushinda mechi zaidi ya 2,000, na dai la namna hiyo halina daftari la kulithibitisha.

Hoja ya kwanza yajibiwa na mashahidi, na mashahidi wenyewe si jamaa zake. Kila msimu wa ligi kuu ulipokwisha, mabingwa wa Kizungu walizunguka nchi wakicheza na timu za weusi kwa ajili ya kuchuma. Mwaka wa 1934 Dizzy Dean wa St. Louis alishinda mechi 30 katika ligi kuu, kisha akatoka kukabiliana na Paige katika ziara kama hizo. Dean mwenyewe alikiri hadharani kwamba Paige alikuwa bora kuliko yeye. Joe DiMaggio alikutana naye California mwaka wa 1936, kabla hajaanza kuchezea New York Yankees, na miaka mingi baadaye alishuhudia kwamba hakupata kukabiliana na mrushaji mkali kama huyo. Bob Feller alizunguka naye kwa ndege mwaka wa 1946. Mtu asifiwapo na ndugu zake huenda ni mapenzi, lakini asifiwapo na wapinzani wake, na tena wapinzani ambao sheria za nchi ziliwaweka juu yake, ushahidi huo ni mzito.

Kisha ikaja siku ya mtihani wenyewe. Mwaka wa 1947 Jackie Robinson, aliyekuwa ameanza katika timu ile ile ya Monarchs, alivunja kizuizi akachezea Brooklyn. Paige aliumia moyoni kwamba si yeye aliyechaguliwa, baada ya miaka yote aliyojaza viwanja. Mwaka uliofuata, Julai 1948, Bill Veeck wa Cleveland alimwandikisha siku alipotimiza miaka 42. Hakuna aliyepata kuanza ligi kuu akiwa na umri huo. Mhariri wa gazeti moja kubwa la michezo aliandika kwa hasira kwamba huo ni mchezo wa kuigiza na dharau kwa besiboli. Basi mzee akaingia uwanjani. Mechi tatu za mwanzo alizopangwa kuanza zilitazamwa na watu 72,434 kule Cleveland, 51,013 kule Chicago, kisha 78,382 Cleveland tena, jumla zaidi ya watu 200,000. Zote tatu alishinda, na katika mbili za mwisho wapinzani hawakupata hata alama moja. Alimaliza msimu kwa kushinda mechi 6 na kushindwa 1, na Cleveland ikatwaa ubingwa wa taifa. Ule mrusho wake wa kusita ulipigwa marufuku na rais wa ligi, na mimi naona hiyo nayo ni sifa.

Alicheza Cleveland mpaka 1949, kisha St. Louis Browns tangu 1951 hadi 1953, na mara mbili akachaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi akiwa amepita miaka 45. Mwaka wa 1965 tajiri wa Kansas City alimrudisha kwa mechi moja akiwa na umri wa miaka 59. Wakamketisha katika kiti cha kubembea pembeni ya uwanja, na muuguzi karibu yake, ili watu wacheke. Mzee akainuka kitini, akarusha zamu tatu, na wapigaji wa Boston wakaambulia pigo moja tu na wasipate alama hata moja. Kicheko kikageuka shangwe.

Ukichukua hesabu ya ligi kuu ya wakati ule peke yake, Paige alishinda mechi 28 na kushindwa 31. Wapingaji walikuwa wakiinua karatasi hiyo. Lakini Dizzy Dean aliingizwa katika Jumba mwaka wa 1953 akiwa na ushindi wa mechi 150, idadi ndogo kwa bingwa wa cheo kile, kwa sababu kila mtu alifahamu kwamba jeraha lilimkatiza. Walimsamehe Dean miaka aliyonyang'anywa na jeraha. Kwa nini wasimsamehe Paige miaka 20 aliyonyang'anywa na watu? Jeraha halina nia, lakini mlango uliofungwa ulifungwa na mikono inayojulikana.

Na kuhusu daftari lisiloandikwa, mimi ni mtu wa mashairi, na jambo hili lanigusa. Wazee wetu wangapi walitunga barazani na harusini, watu wakalia na kucheka, na leo tungo zao hazipo kwa kuwa hapakuwa na wa kuziandika? Tuseme hawakuwa malenga? Magazeti makubwa ya Marekani hayakujishughulisha na mechi za weusi. Asiyeandika hana haki ya kumlaumu aliyefanya. Bali namkubalia mpingaji jambo moja, kwamba madai ya Paige mwenyewe si ya kuchukuliwa yote. Tukiyapunguza nusu, kisha tukapunguza nusu nyingine, mtu aliyebaki bado ni mkubwa.

Aliyeanza kulisema jambo hili mahali pake alikuwa Ted Williams, mpigaji mkuu wa Boston. Mwaka wa 1966, siku alipovishwa heshima yake pale Cooperstown, alitumia hotuba yake kuomba kwamba Paige na Gibson nao waingizwe. Hakulazimika kulisema. Siku ya furaha yake aliwakumbuka walioachwa nje, na kwangu mimi hilo lazidi mapigo yake yote. Miaka 5 ikapita. Februari 1971 kamishna wa mchezo, Bowie Kuhn, akatangaza kwamba Paige amechaguliwa, lakini atawekwa katika sehemu ya peke yake iliyotengwa kwa ajili ya ligi za weusi, kwa kuwa hakutimiza misimu 10.

Fikiri, msomaji wangu. Ni kama mtu aliyealikwa karamuni, akapokewa kwa heshima mlangoni, kisha akaandaliwa sinia lake uani. Waandishi wa michezo walipiga kelele, Jackie Robinson akiwa miongoni mwa waliolipinga. Kelele hizo zilizaa matunda. Julai mwaka huo ikatangazwa kwamba hakutakuwa na chumba cha pembeni, na tarehe 9 Agosti 1971 Paige, mwenye miaka 65, akaingia Jumbani kwa mlango mkuu, wa kwanza kuingia kwa sifa za ligi za weusi. Gibson alifuata mwaka wa 1972, lakini yeye alikuwa amefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi michache tu kabla ya Robinson kuvuka kile kizuizi.

Kamati iliyomchagua Paige iliwachagua watu 9 kwa jumla, ikavunjwa mwaka wa 1977 kana kwamba hesabu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mwaka wa 2006 wakaingizwa wengine 17 kwa mpigo mmoja, wote wakiwa wamekwisha kufa. Desemba 2020 wakuu wa besiboli walikubali kwamba ligi saba za weusi, zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, zilikuwa ligi kuu kamili, na mwaka wa 2024 hesabu zake zikatiwa katika daftari moja na za Wazungu. Kwa daftari hilo, mtu aliyekuwa na ushindi wa mechi 28 sasa anazo nyingi zaidi ya maradufu, na ile karatasi ya wapingaji haina kazi tena. Paige hakurusha mpira hata mmoja katika ligi kuu tangu 1965. Kilichobadilika ni mizani.

Basi hukumu yangu ni hii. Paige alistahili, na alistahili kabla ya 1971, na waliomchelewesha hawakumfanyia hisani walipomfungulia, walilipa deni. Lakini nawaomba wasomaji tusiishie hapo. Popote penye kamati ya kugawa heshima, na zipo kila mahali, swali la kwanza lisiwe mtu huyu ametimiza masharti mangapi. Liwe masharti haya yalitungwa na nani, na siku yalipotungwa ni nani aliyekuwa amefungiwa nje. Paige alibahatika kuishi mpaka akaiona pete yake, na akafariki Kansas City miaka 11 baadaye, tarehe 8 Juni 1982. Gibson hakuiona, wala wale 17.